Kupima umumunyifu wa hewa ya ukaa kwenye viyeyushi mchanganyiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mwanafunzi au fundi wa maabara anayeanza kupima kiasi cha kaboni dayoksaidi (hewa ya ukaa) kinachoyeyuka katika mchanganyiko wa viyeyushi, kwa ajili ya kunasa gesi hiyo kabla haijatoka dohani. Maswali yenye mitego nimeyajibu kwa urefu. Mengine yamepata mistari michache, maana hayahitaji zaidi.

Kwa nini tupime? Si tuna data za kila kiyeyushi peke yake, tukapige wastani?

Swali hili huja kwanza karibu kila mara, na ndilo lililozaa makosa mengi. Mchanganyiko si wastani wa vilivyomo ndani yake.

Chukua maji na methanoli kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Konstanti ya Henry ya hewa ya ukaa ndani ya maji ni karibu megapaskali 165, na ndani ya methanoli ni karibu 15. (Konstanti hii ni shinikizo la gesi likigawanywa kwa sehemu ya moli ya gesi iliyoyeyuka. Kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo gesi inavyoyeyuka kwa wingi.) Changanya nusu kwa nusu kwa idadi ya moli. Wastani wa kawaida unakupa 90. Wastani wa logarithimu, ambao nadharia inautaja kwa mchanganyiko kamilifu, unakupa karibu 50. Hapo tayari makadirio mawili yametofautiana karibu mara mbili, na hujagusa chombo hata kimoja.

Maji na pombe nazo hazifuati hata hilo la pili. Molekuli za maji zimeshikana kwa mtandao wa vifungo vya haidrojeni, na pombe kidogo inapoingia inapangwa ndani ya mtandao huo badala ya kuuvunja. Ndiyo maana ukiongeza ethanoli kidogo kwenye maji, kiasi cha gesi kinachoyeyuka katika lita moja hakipandi kwa maana yoyote. Kupanda kwenyewe huja baadaye, pombe inapokuwa nyingi. Mlinganyo ambao haujawahi kuonyeshwa kipimo halisi hauwezi kuuona mkunjo huo.

Sheria ya Henry bado inafaa?

Inafaa, ila ujue mipaka yake. William Henry aliichapisha mwaka 1803: kiasi cha gesi kilichoyeyuka kinalingana na shinikizo la gesi hiyo juu ya kimiminika. Kwa viyeyushi visivyomenyuka na gesi, kama methanoli, sulfolani au propilini kaboneti, inashika vizuri shinikizo likiwa dogo. Kwa amini (kemikali za besi zenye naitrojeni, zinazomenyuka na hewa ya ukaa) haishiki, kwa sababu sehemu kubwa ya gesi inageuka kitu kingine mara tu inapoingia. Hapo sheria ya Henry inahusu ile sehemu ndogo tu ambayo bado ni molekuli za hewa ya ukaa.

Kuna faida gani kuchanganya viyeyushi?

Linganisha kwa macho. Lita moja ya maji kwenye nyuzi 25, chini ya angahewa moja ya hewa ya ukaa tupu, inabeba karibu gramu 1.45. Moshi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe una hewa ya ukaa ya asilimia 12 hadi 15 tu, kwa hiyo lita hiyohiyo ya maji ingebeba takriban gramu 0.2. Kwa upande mwingine, kilo moja ya myeyusho wa monoethanolamini wa asilimia 30, unaofupishwa MEA, ina moli 4.9 za amini. Kila molekuli mbili za amini zikishika molekuli moja ya gesi, kilo hiyo inabeba zaidi ya gramu 100.

Tatizo la MEA ni kwamba inashika kwa nguvu mno. Kila moli ya gesi inapoingia hutoa joto la takriban kilojuli 85, na joto hilo lazima ulirudishe unapotaka gesi itoke. Mtambo wa kawaida wa MEA hula takriban gigajuli 3.5 hadi 4 kwa kila tani ya gesi iliyonaswa. Ndipo watu wanapochanganya. Amini ya daraja la tatu kama methildiethanolamini (MDEA) inashika kwa ulegevu zaidi na inaweza kufikia molekuli moja ya gesi kwa kila molekuli ya amini, lakini ni ya polepole, kwa hiyo inatiwa piperazini kidogo ya kuichangamsha. Wengine huondoa sehemu ya maji na kuweka kiyeyushi cha kikaboni, ili wasitumie nishati kuchemsha maji yasiyofanya kazi. Mchakato wa Sulfinol umejengwa juu ya wazo la namna hiyo: amini, sulfolani na maji katika chungu kimoja.

Hapa pana jambo ambalo naomba msomaji alishike. MDEA haimenyuki na hewa ya ukaa moja kwa moja. Inahitaji maji ili bikaboneti iundwe. Ukiyatoa maji yote na kuweka kiyeyushi cha kikaboni, umefunga mlango wa mmenyuko, na amini yako inabaki kuwa kimiminika cha kawaida. Nimeona mipango ya majaribio iliyochora mstari ulionyooka kutoka asilimia 0 hadi asilimia 100 ya kiyeyushi cha kikaboni, kana kwamba hakuna kitu kinachokatika njiani. Kinakatika.

Kuna njia gani za kupima?

Familia ni nne. Ya kwanza ni kushuka kwa shinikizo: gesi inayojulikana kiasi inafungiwa na kimiminika, unasoma kilichopotea. Ya pili ni kuchukua sampuli ya kimiminika baada ya msawazo (pale kiasi cha gesi kilichoyeyuka kinapoacha kubadilika) na kuichambua, kwa titresheni kwa mfano. Ya tatu ni kupitisha mkondo wa gesi yenye muundo unaojulikana mpaka kimiminika kishibe. Ya nne ni mizani nyeti inayopima uzito ulioongezeka, ambayo inapendeza kwa viyeyushi visivyovukiza kama chumvi za kimiminika, lakini kwa mchanganyiko wenye maji au pombe inakuchanganya, kwani kimiminika kinavukiza huku gesi ikiingia.

Kama una uwezo, tumia mbili zisizofanana kwenye sehemu moja ya data. Kosa la njia moja huwa halifanani na la nyingine, na zinapokubaliana unalala vizuri.

Nionyeshe hesabu ya kushuka kwa shinikizo.

Una tangi la gesi la sentimita za ujazo 300, kwenye nyuzi 25. Unafungua vali kuelekea seli ya msawazo, na shinikizo la tangi linashuka kutoka kilopaskali 800 hadi 500. Gesi kiasi gani imeondoka?

Ukiichukulia hewa ya ukaa kuwa gesi kamilifu, jibu ni moli 0.0363. Lakini si gesi kamilifu. Kipengele cha mgandamizo, Z, ni karibu 0.960 kwenye kilopaskali 800 na karibu 0.975 kwenye 500. Ukiviingiza, jibu ni moli 0.0388. Tofauti ni zaidi ya asilimia 6.

Soma tena namba hizo. Z imepungua kwa asilimia 4 tu pale ilipopungua sana, lakini kosa kwenye jibu ni kubwa kuliko hapo, kwa sababu tunatoa namba moja kwenye nyingine na makosa mawili hayafutani. Tumia mlinganyo mzuri wa hali ya gesi. Ule wa Span na Wagner wa mwaka 1996 ndio unaotegemewa kwa hewa ya ukaa, na kwa shinikizo dogo hata koefishenti ya pili ya viriali (sahihisho la kwanza juu ya gesi kamilifu) inatosha.

Kisha kwenye seli unatoa gesi iliyobaki juu ya kimiminika. Ujazo wa nafasi hiyo ni ujazo wa seli ukitoa ujazo wa kimiminika, kwa hiyo unahitaji densiti ya mchanganyiko wako katika halijoto ile ile. Pima densiti, usiikope. Kimiminika kilichobeba gesi nyingi hubadilika ujazo pia.

Nipimeje ujazo wa seli yenyewe?

Kwa kupanua heliamu au naitrojeni kutoka chombo chenye ujazo unaojulikana. Rudia mara kadhaa, na upime ikiwa imeunganishwa na mabomba na vali zake zote. Bomba dogo la sentimita 20 linaonekana si kitu mpaka seli yako iwe ndogo.

Kwa nini kila mtu anasisitiza kuondoa hewa kwenye kimiminika?

Kwa sababu kimiminika kilichokaa wazi kina naitrojeni na oksijeni ndani yake, na amini iliyokaa wazi imeshaanza kunywa hewa ya ukaa ya chumbani. Zote mbili zinaharibu kipimo kabla hujaanza.

Njia ya kawaida ni kugandisha, kuvuta kwa pampu ya ombwe, kuyeyusha, kisha kurudia mara tatu au zaidi mpaka viputo vikome. Ila kwa mchanganyiko kuna mtego ambao wanaofanya kazi na kiyeyushi kimoja hawaujui: pampu inavuta kile chenye kuvukiza zaidi. Uliweka methanoli asilimia 30, ukivuta kwa pupa unabaki na 28, na hakuna anayekuambia. Kipimo kitaonekana kizuri, mstari utapendeza, na muundo ulioandika kwenye jedwali utakuwa wa uongo.

Ninavyofanya mimi ni kuondoa hewa kwenye kila kimiminika peke yake, kisha kuvichanganya ndani ya ombwe, nikipima uzito wa chupa kabla na baada ya kila kumimina. Inachukua nusu siku zaidi. Kama huwezi, basi chukua sampuli baada ya kuvuta na upime muundo upya kwa densiti au kromatografia ya gesi. Na uangalie chupa za kioo: mchanganyiko wenye maji mengi unatanuka unapoganda na unaweza kuipasua.

Nitajuaje msawazo umefika?

Shinikizo kutulia kwa nusu saa hakutoshi. Michanganyiko yenye amini nyingi na maji machache inakuwa na mnato mkubwa kadiri inavyobeba gesi, na kasi ya kufyonza inashuka mpaka mstari kwenye skrini unaonekana umelala ilhali bado unateremka. Koroga vizuri, uso wa kimiminika uvunjike, si kuzunguka tu.

Jaribio ninaloliamini ni kufika mahali pamoja kutoka pande mbili. Mara ya kwanza ongeza gesi hadi shinikizo fulani. Mara ya pili pita juu ya shinikizo hilo kisha rudi. Umumunyifu ukilingana, una msawazo. Usipolingana, ulisoma mapema mno, au kuna kitu kimeharibika ndani.

Na jihadhari na kuvuja. Kwa siku kadhaa niliwahi kuamini kwamba nina kiyeyushi kinachofyonza polepole kwa ajabu: kila usiku shinikizo lilishuka kidogo, sawasawa, bila kukoma. Nilishaanza hata kuandika maelezo ya mmenyuko wake. Ilikuwa pete ya mpira kwenye vali moja, iliyovimba kwa sababu haikupatana na kiyeyushi cha kikaboni. Tangu hapo, kabla ya kila mfululizo, seli inalala usiku mzima na naitrojeni, na halijoto ya chumba inaandikwa kando ya shinikizo. Tangi la kilopaskali 800 hubadilika karibu kilopaskali 2.7 kwa kila nyuzi moja ya joto, na badiliko hilo linafanana sana na kuvuja.

Mvuke wa kiyeyushi unahesabiwaje?

Kihisi kinasoma jumla: gesi na mvuke pamoja. Kwenye nyuzi 40 maji peke yake yana mvuke wa karibu kilopaskali 7.4. Kwenye nyuzi 80 ni karibu 47, na kwenye 120 ni karibu 199. Sasa fikiria unapima amini yenye gesi kidogo, ambako hewa ya ukaa ina kilopaskali 1 tu. Unachokitafuta ni kidogo mara saba kuliko unachokiondoa.

Kwa sehemu hiyo usitegemee kutoa shinikizo la mvuke lililopimwa kabla ya gesi kuingia. Chambua gesi yenyewe, kwa kromatografia au kwa kihisi cha mwanga wa infraredi, na mabomba ya sampuli yawe na joto ili mvuke wa maji usigeuke matone njiani. Matone hayo yanameza gesi unayoitafuta.

Titresheni ya bari inafanywaje?

Unachukua sampuli ya kimiminika kwa sindano isiyopitisha hewa na kuidunga moja kwa moja ndani ya sodiamu haidroksaidi ya ziada, ili gesi yote ifungwe kuwa kaboneti. Unaongeza bari kloraidi. Mashapo meupe ya bari kaboneti yanaonekana papo hapo, kama maziwa yaliyomwagwa kwenye maji. Kabameti, ile sehemu ya gesi iliyoshikwa na amini yenyewe, haigeuki haraka, kwa hiyo pasha moto na usubiri. Wanaoharakisha hatua hii hupata umumunyifu mdogo kuliko halisi. Kisha unachuja, unaosha mpaka besi iishe, unayeyusha mashapo kwa asidi ya haidrokloriki iliyopimwa na iliyozidi, unachemsha kidogo kuitoa gesi, na unarudi na besi kujua asidi iliyobaki. Kila moli ya kaboneti inakula moli mbili za asidi.

Fanya pia jaribio tupu, lenye vyote isipokuwa sampuli. Haidroksaidi iliyokaa rafuni imeshafyonza gesi ya hewani, na usipoitoa itahesabiwa kuwa yako.

Kwa nini watu wanapima naitrasi oksaidi wakati wanatafuta hewa ya ukaa?

Kwa sababu ndani ya amini huwezi kupima kuyeyuka kwa hewa ya ukaa bila mmenyuko: inamenyuka mara moja. Naitrasi oksaidi ina uzito wa moli unaokaribia sana ule wa hewa ya ukaa, yaani 44, ina idadi ileile ya elektroni, na haimenyuki na amini. Unapima hiyo, kisha unazidisha kwa uwiano wa konstanti za Henry za gesi hizo mbili ndani ya maji. Ni makisio, tena yenye manufaa. Ila uwiano huo umetokana na maji. Mchanganyiko ukiwa na kiyeyushi cha kikaboni kwa wingi, pima uwiano wako mwenyewe kwenye mchanganyiko wa maji na kiyeyushi hicho, bila amini.

Kimiminika kimegawanyika tabaka mbili. Nimeharibu?

Hapana, huenda umepata kitu. Baadhi ya michanganyiko hutengana ikishabeba gesi: tabaka moja linashika karibu gesi yote, jingine karibu hakuna. Kuna watu wanaotafuta tabia hiyo makusudi, ili wachemshe tabaka moja tu. Lakini sampuli iliyochukuliwa bila kujua inatoka kwenye tabaka gani haina maana. Tumia seli yenye dirisha, au angalau chupa ya kioo ya majaribio kabla ya kwenda kwenye chuma. Angalia na mashapo magumu pia. Chumvi ya kabameti inaweza kuganda ndani ya vali.

Nipime halijoto na shinikizo gani?

Zile ambazo mtambo utaishi. Mnara wa kufyonza kwa amini unakaa karibu na nyuzi 40, wa kutoa gesi karibu na 120. Pima zote mbili na angalau mbili katikati. Watu wengi hupima 25 na 40 kisha wanarefusha mstari hadi 120. Shinikizo la gesi lazima liguse eneo la moshi halisi, yaani kilopaskali 12 hadi 15 kwa makaa ya mawe na karibu 4 kwa mitambo ya gesi asilia. Data nzuri za kilopaskali 500 hazimsaidii mwenye dohani.

Ukiwa na halijoto kadhaa unapata na zawadi: mteremko wa logarithimu ya shinikizo dhidi ya kinyume cha halijoto, mzigo wa gesi ukiwa ule ule, unakupa joto la kufyonza. Likitoka nje kabisa ya kilojuli 50 hadi 90 kwa moli kwa amini ya kawaida, rudi kwenye vipimo kabla ya kutangaza ugunduzi.

Niandikeje matokeo ili mwingine aweze kuyatumia?

Halijoto, shinikizo la hewa ya ukaa peke yake na la jumla, muundo wa kimiminika kwa uzito kabla ya gesi, na mzigo kwa moli za gesi kwa moli ya amini. Kwa viyeyushi visivyomenyuka, sehemu ya moli. Ukitoa gramu kwa lita, weka na densiti, la sivyo hakuna atakayeweza kuzigeuza. Usafi wa kila kemikali nao utajwe, na maji yaliyomo ndani ya "kiyeyushi kikavu" yapimwe kwa mbinu ya Karl Fischer, si kusomwa kwenye lebo ya chupa.

Umumunyifu mkubwa ndio kiyeyushi bora?

Si lazima. Mtambo unaishi kwa tofauti kati ya kinachobebwa kwenye mnara wa kwanza na kinachobaki baada ya kuchemsha. MEA inazunguka kati ya takriban moli 0.2 na 0.5 za gesi kwa moli ya amini, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya uwezo wake haishuki kamwe. Mchanganyiko wenye kilele kifupi lakini unaoachia kila kitu unaweza kuishinda MEA.

Kuna hatari gani?

Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida na inajikusanya chini. Kikomo cha kazi cha saa nane kinachotumika sana ni sehemu 5,000 kwa milioni, na sehemu 40,000 kwa milioni huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Weka kihisi chumbani. Amini zinaunguza ngozi na macho. Seli ya kioo isipite shinikizo lililoandikwa juu yake hata kidogo.

Nianze na nini kuujaribu mtambo wangu mpya?

Maji safi kwenye nyuzi 25. Data zake ni nyingi na zinakubaliana, na umumunyifu wake mdogo utafichua kila kosa la ujazo ulilonalo. Ukipata ndani ya asilimia 2, nenda kwenye MEA ya asilimia 30 kwenye nyuzi 40, ambayo imepimwa na maabara nyingi. Hapo utapimwa kwa mvuke, kwa titresheni na kwa subira. Mchanganyiko wako mpya uweke wa tatu, na katikati ya mfululizo wake rudia maji mara moja, kuhakikisha mtambo haujahama.